Mama Soma-Nyuma: Miaka Thelathini na Moja ya Kadi za Dhamana

Ijumaa hii, tarehe thelathini, saa kumi kamili jioni, mwenzetu aliyedumu katika kampuni hii kuliko sisi sote atamkabidhi mlinzi funguo zake, atasaini daftari la kutoka, na hatasaini tena la kuingia. Ametumikia miaka thelathini na moja na miezi minne. Miaka ishirini aliikalia kwenye dawati la dhamana, pale chini ya ngazi, anapofikia kila mnunuzi ambaye friji yake imegoma kugandisha au pasi yake imegoma kupata moto. Iliyobaki ameimalizia kwenye stoo ya kumbukumbu, chumba cha chini kisicho na dirisha.

Ofisi ya utumishi imeniomba niandike kurasa mbili "zenye furaha". Kurasa zipo. Furaha nitaiweka pale inapostahili. Mhariri wa jarida hili alifundishwa kazi naye, na ameniahidi kwamba hatakata hata neno. Tutaona.

Alikuja hapa akiwa na miaka ishirini na minane, mama wa binti mmoja, akaajiriwa kuwa mpiga chapa. Dawati la dhamana alipewa kwa sababu hakuna aliyelitaka. Wakati ule liliitwa dawati la matusi. Watu hawaji pale kushukuru. Anayefika amebeba kitu kizito mgongoni au ndani ya teksi, kimeharibika siku alipokihitaji kuliko siku zote, na kadi aliyopewa dukani ameikunja mara nne mpaka maandishi yamepata ufa. Karani aliyemtangulia alidumu wiki sita, akaomba likizo ya ugonjwa, na mpaka leo hajapona.

Yeye alianza kwa kuomba benchi. Alisema mtu aliyesimama hugombana, aliyeketi husimulia. Benchi lilipoletwa, kelele zilipungua nusu.

Jina la Mama Soma-Nyuma alipewa na wateja. Mteja akifika anafoka, alimwachia amalize. Kisha angesema, kwa sauti ya mtu anayemwomba jirani chumvi, "Geuza kadi, ndugu yangu. Tusome nyuma pamoja." Mbele ya kadi zetu kuna picha na ahadi, miezi kumi na miwili, au ishirini na minne, kwa herufi unazoweza kuzisoma ukiwa ng'ambo ya barabara. Masharti yako nyuma, kwa herufi za ukubwa wa sisimizi. Basi alikuwa akisoma nao, kidole juu ya mstari, sharti moja baada ya jingine, mpaka mteja ajue mwenyewe kama anadai haki yake au anabahatisha.

Sisi wengine alitufundisha hivyo hivyo. Dhamana si zawadi, alisema, na si bima. Ni neno la mtengenezaji kwamba kitu kimeundwa sawasawa, na kama hakikuundwa sawasawa, mzigo ni wake: akitengeneze, akishindwa akibadilishe, akishindwa na hilo arudishe fedha za watu. Kikiporomoka ngazini, hiyo si habari ya kiwanda. Fundi wa mtaani akichana kile kibandiko juu ya skrubu, imekula kwako. Muda huhesabiwa tangu siku ya kununua, si siku ulipokitoa kwenye boksi kwa sababu ulikuwa unakitunzia harusi ya bintiyo. Na risiti uitoe nakala siku hiyo hiyo, maana wino wa mashine zile hufutika haraka kuliko ahadi za mchumba.

Alikataa madai mengi. Naliandika hili kwa sababu ghorofani palikuwa na uvumi kwamba alikuwa anawagawia wateja mali ya kampuni. Mzee mmoja alileta runinga akaapa kwa majina yote kwamba imezima yenyewe, haijaguswa na mtu. Nikafungua kifuniko cha nyuma mbele yake. Wakatoka mende, wakubwa kwa wadogo, ukoo mzima. Mama Soma-Nyuma akaangalia kadi, akamwangalia mzee, akasema, "Baba, hapa nyuma wameandika mambo mengi, lakini wapangaji hawakuwataja." Mzee akacheka mpaka akashika benchi. Aliondoka na runinga yake mbovu na bado akawa mteja wetu, yeye na wanawe wote.

Mwanamume mwingine, aliyeoa juzi, alikuja bila kadi. Kadi ilikuwa kwenye sanduku la mkewe, na mke alikuwa amenuna akaenda kwa shangazi yake. Mama Soma-Nyuma alimwambia friji inaweza kusubiri, aanze na kile kilichoharibika kwanza. Wiki iliyofuata walikuja wawili, wameshikana mikono, na kadi. Friji ilikuwa na kosa la kiwanda kweli. Tukaibadilisha.

Ukweli wake haukumpendeza kila mtu. Meneja wa mauzo alipoleta dhamana ya ziada, ile ambayo mnunuzi huongeza fedha ili apate mwaka mwingine, wauzaji waliambiwa waisukume kwa kila anayeingia. Mama Soma-Nyuma akawa anawaambia watu waulize kwanza: hiyo ya ziada inaanza lini? Kama inaanza leo, mwaka mzima mtakuwa mnalipia kile ambacho kiwanda kimeshawaahidi bure. Meneja alimpandia juu. "Wewe uko upande gani?" alimwuliza mbele yetu. Akamjibu, "Upande wa nyuma wa kadi, bwana mkubwa. Mliuchapisha ninyi."

Kuna jambo alilijua ambalo makampuni mengi hayalijui, na yetu ilikataa kulijua. Alisema kadi zinazorudi ni barua. Kiwanda kinauza vitu elfu kwa elfu na hakijui vinaishije huko majumbani. Anayejua ni mpishi, mfua nguo, mama mwenye mtoto mchanga. Wakirudisha kitu, wanakwambia bure kile ambacho ungemlipa mtaalamu akutafutie. Kwa hiyo alikuwa na daftari lake mwenyewe, la jalada gumu, amelichora mistari kwa rula: aina ya bidhaa, namba yake, siku ya kununuliwa, siku ya kurudi, ugonjwa. Kwa daftari hilo aligundua kwamba pasi zetu za wakati ule zilikuwa zinakatika waya palepale, karibu na mpini. Kiwanda kikabadilisha waya na pasi zikaacha kurudi. Barua ya pongezi ilikuja. Ilikuja kwa meneja wa mauzo. Akaiweka kwenye fremu, akaitundika ofisini kwake.

Mpaka hapo ningeweza kuishia, nikaongeza baraka, na kila mtu akapiga makofi. Ofisi ya utumishi ingefurahi.

Miaka kumi na miwili iliyopita tulileta jiko jipya la gesi, la mafiga mawili, rangi ya samawati. Lilikuwa zuri, na lilitoka dukani kama maji. Mimi wakati huo nilikuwa fundi wa mkataba, mwaka wa tatu nasubiri kuajiriwa moja kwa moja. Chumba changu cha ufundi kilikuwa ukuta mmoja na dawati la dhamana, na ukuta wenyewe ni wa mbao, kwa hiyo alichosikia yeye nilikisikia mimi. Aliniita mdogo wangu. Mimi nilimwita dada.

Katika miezi minne kadi kumi na tisa za jiko lile zilirudi na malalamiko ya aina moja: umefunga koki mpaka mwisho, bado nyumba inanuka gesi. Nilifungua la kwanza, la pili, la tatu. Mpira mdogo ulio ndani ya koki, ule unaoziba gesi, ulikuwa umekauka na kupasuka kama midomo ya mgonjwa. Nilimpelekea mpira mmoja kwenye kiganja. Akautazama, akaubonyeza kwa ukucha, ukavunjika.

"Mdogo wangu," aliniambia, "hili si la jiko moja. Hili ni la mzigo mzima."

Aliandika barua ya ukurasa mmoja. Aliomba mambo matatu tu: mauzo yasimame, walionunua wapigiwe simu, na kila koki ibadilishwe bure bila kungoja mtu alalamike. Namba za simu tulikuwa nazo, kwenye kile kipande cha kadi kinachokatwa na kubaki dukani. Tukaitwa ghorofani, yeye kwa sababu ya barua, mimi kwa sababu ya mpira.

Meneja wa mauzo alikuwa mpole siku hiyo, akatuagizia chai. Alisema dhamana inahusu mtu mmoja na jiko lake moja. Anayelalamika atatengenezewa, kadi inasema hivyo. Asiyelalamika hana tatizo. "Wahenga walisema aliyelala usimwamshe," akamaliza, akatabasamu.

Mama Soma-Nyuma hakugusa chai. "Aliyelala koki inavuja," alisema, "usipomwamsha wewe, haamki tena."

Kikao kikaisha hapo. Siku ya pili likashuka agizo, kwa mdomo, bila karatasi. Kwenye fomu za jiko la samawati, mahali pa chanzo cha hitilafu, fundi aandike: matumizi mabaya, mteja amekaza koki kupita kiasi. Fomu ikiandikwa hivyo, kosa si la kiwanda. Na kosa lisipokuwa la kiwanda, hakuna mzigo mbovu, kuna wateja wenye mikono mizito. Fomu hizo zilihitaji saini ya karani na saini ya fundi. Karani alikataa. Aliirudisha kalamu mezani na kusema hajaona mkono mzito, ameona mpira uliopasuka. Wakasema basi, saini ya fundi inatosha.

Nilisaini fomu kumi na moja.

Sitaki kujieleza sana. Meneja alikuwa ameniita peke yangu, akaniambia barua yangu ya ajira iko kwenye droo yake. Mke wangu alikuwa na ujauzito wa miezi saba. Nilijiambia kwamba mimi ni fundi, nakaza koki, maneno ya fomu ni ya wakubwa. Dada hakunisema. Alisikia kalamu yangu kupitia ule ukuta wa mbao, na hakunisema.

Yeye alichukua vile vipande vya kadi na kuanza kupiga simu mwenyewe, kila siku saa ya chakula cha mchana, kwa simu yake. "Habari za mchana, mama. Lile jiko ulilonunua kwetu, la samawati. Ukimaliza kupika usiamini koki ya jiko, funga kule juu ya mtungi. Kila mara. Na uje nalo hapa, uniulizie mimi." Wengine walimshukuru. Wengine walidhani ni tapeli. Aliyejibu alimwekea alama kwenye daftari, asiyejibu alimrudia kesho yake. Aliwafikia zaidi ya mia tatu. Mimi nilikuwa nakula chakula changu upande wa pili wa ukuta, namsikia.

Mmoja hakumpata. Alikuwa mshonaji wa nguo, ana cherehani mbili barazani kwake, nyuma ya soko. Muuzaji wetu alikuwa ameandika namba yake kwa haraka, tarakimu moja ikawa si yake, na kila mara aliyepokea alikuwa mtu mwingine kabisa.

Mshonaji alikuja mwenyewe. Alikuja Jumanne, wiki ambayo Mama Soma-Nyuma alikuwa ameenda kumzika baba yake. Nilikuwa mimi pale kwenye dawati. Aliketi kwenye benchi na jiko mapajani, amelifunga kwa kitambaa cha maua kama mtoto. Akaniambia, "Kaka yangu, linanuka. Nimefunga, nimefunga, bado linanuka. Nina mama mkwe mzee ndani, naogopa."

Nilijua mpira ule ukoje bila kufungua. Kwenye kabati langu nilikuwa na koki nne nzuri, nimezitoa kwenye majiko mengine. Lakini koki ikibadilishwa inaandikwa, na meneja alikuwa amesema zisibadilishwe tena bila ruhusa yake. Nilikaza koki kwa spana. Nikaandika yale maneno. Nikasaini. Nikamwambia, "Usiwe unakaza sana, dada. Mkono wako mzito."

Aliangalia mikono yake, akaona haya. Akaniambia asante.

Siku ya tisa, asubuhi, aliwasha kiberiti achemshe maji ya mama mkwe. Mama mkwe alikuwa bado chumbani, akapona. Mshonaji hakufa. Uso ulipona kwa kiasi chake. Mikono haikupona. Vidole vya mkono wa kulia vilishikana, na vilipoachanishwa na daktari havikukunjika tena.

Mume wa mshonaji alipeleka malalamiko kwenye baraza la wanunuzi. Kampuni yetu ilipeleka wakili, na wakili alipeleka karatasi moja: fomu yenye saini yangu. Matumizi mabaya. Mshonaji alikuwa ameketi mbele, mikono imefungwa bandeji, na wakili alimsomea kwa sauti kwamba yeye ni mtu wa mkono mzito. Nilikuwa nyuma kabisa ya chumba, karibu na mlango.

Hakuna aliyemwita Mama Soma-Nyuma. Alijipeleka, na daftari. Mwenyekiti wa baraza alimwuliza kama anajua kwamba anazungumza dhidi ya mwajiri wake. Akajibu kwamba anazungumza kwa faida ya mwajiri wake, ila mwajiri mwenyewe bado hajajua. Kisha akasoma. Tarehe, namba ya jiko, ugonjwa. Tarehe, namba ya jiko, ugonjwa. Alisoma mistari sitini na miwili, na ugonjwa ulikuwa mmoja.

Mwenyekiti akamwonyesha fomu. "Saini hii ni ya nani?"

"Ya fundi wetu."

"Alidanganya?"

Nilitazama sakafu. Nilimsikia akivuta pumzi. "Aliandika alichoambiwa aandike," akasema. "Muulizeni aliyemwambia."

Hawakuuliza. Lakini walitosheka na daftari. Kampuni iliamriwa kuyakusanya majiko yote na kugharamia matibabu ya mshonaji. Wiki hiyo hiyo tulitangaza magazetini kwamba tumeamua, kwa hiari yetu na kwa kuwajali wateja, kuyaita majiko ya samawati. Kwa hiari yetu. Tangazo hilo lipo kwenye faili, stoo ya kumbukumbu, rafu ya nne. Yeye ndiye aliyelipanga.

Maana huko ndiko alikopelekwa. Barua ilisema anahamishwa "ili kutumia vyema uzoefu wake". Meneja wa mauzo alipandishwa cheo, akastaafu kwa heshima miaka mitano baadaye, na jarida hili lilimwandikia kurasa nne. Mimi nilipata barua iliyokuwa kwenye droo. Mwaka uliofuata nilipewa dawati la dhamana, pamoja na cheo cha msimamizi, ambacho yeye katika miaka ishirini hakuwahi kupewa. Nilimkuta anahamisha vitu vyake. Aliniachia rula na kiti. Daftari alienda nalo.

Kwa miaka hii yote huko chini amefanya kazi nzuri kuliko tulivyostahili. Alikuta mafaili yamelundikwa kama kuni na leo unaweza kumwomba kadi ya dhamana ya mwaka wowote akakupa kabla hujamaliza sentensi. Wateja wa zamani walimtafuta. Wanafika kwangu, wanageuza kadi, kisha wananiuliza, "Yule mama yuko wapi?" Naonyesha ngazi za kwenda chini. Wengine hurudi na kuniambia dai lao halina msingi, wanashukuru, kwaheri. Mimi nikiwaambia neno lile lile, wanataka kuonana na mkubwa wangu.

Mwaka juzi idara ya matangazo iliweka mabango barabarani: msichana mrembo, kadi mkononi, na maneno "Geuza, soma nyuma. Hatufichi kitu." Hawakumwuliza. Sidhani hata walijua maneno yametoka wapi, ni ya humu ndani tu, kama vumbi. Binti yake, ambaye sasa ni muuguzi, alimpiga picha amesimama chini ya bango, mfuko wa mboga mkononi. Ananiambia mama yake aligoma kutabasamu.

Mwezi uliopita kamati ya zawadi ilikaa kuamua tumpe nini. Ni vijana wema, hakuna aliyekuwepo miaka ile. Walichagua jiko la gesi. Niliposikia, nilishuka ngazi mbio nimtangulizie habari. Alicheka, akafuta macho kwa kiganja, akasema waache, wasiambiwe, wasije wakaona haya. Nikaenda kuwaambia hata hivyo. Wamebadilisha, atapewa kabati.

Siku ile nilipokuwa kule chini ndipo nilipomwambia kwamba nimepewa kazi ya kumwandika. Alikuwa anafunga mafaili kwa kamba, miwani imeshuka puani. Akaniuliza ni kurasa ngapi. Nikasema mbili. Nikamwomba anitajie mafanikio yake, nisije nikasahau.

"Sifa ninazijua," alisema. "Usinijazie sifa. Andika ya fomu."

"Dada, hiyo ni ya zamani."

"Ni ya mshonaji. Yeye si wa zamani, yupo. Anafundisha wasichana sita kushona, anawaelekeza kwa mdomo. Naenda kwake kila mwisho wa mwezi. Wewe umeenda mara ngapi?"

Niliinama nikamwokotea kipande cha kamba sakafuni.

"Basi andika. Watu wapya wanaosaini huko juu waisome. Wasidhani wanajaza fomu tu."

"Wakinifukuza je?"

Alinyoosha mgongo, akanitazama juu ya miwani. Alikuwa anaonekana amechoka, na kwa mara ya kwanza nikaona kwamba huu si uchovu wa siku moja. "Mimi nilihamishwa," akasema, "na bado nipo hai, mdogo wangu. Mkono wangu unakunjika." Akarudi kwenye kamba yake.

Nilipanda ngazi. Jumamosi iliyofuata nilienda nyuma ya soko. Nilimkuta mshonaji barazani, mkono wa kulia juu ya paja, wa kushoto unaonyesha pindo. Sikumkumbusha mimi ni nani, alinikumbuka kabla sijafika kwenye hatua ya mlango. Hakunikaribisha kuketi, na hakunifukuza. Nilimwambia kwamba siku ile alipokuja nilikuwa na koki nzima kabatini, na kwamba mkono wake haukuwa mzito. Cherehani zote zilinyamaza. Kisha akasema, "Miaka kumi na miwili nimekuwa nikifunga vitu polepole. Milango, chupa, kila kitu. Nikidhani ni mimi."

Akawaambia wasichana waendelee na kazi. Nikaondoka.

Kwa wale wanaoanza kazi kwenye dawati langu: fomu zimebadilishwa. Tangu Jumatatu, mahali pa chanzo cha hitilafu panaandikwa na fundi aliyefungua kitu, mbele ya mteja, na mteja anasoma kabla hajasaini. Mkurugenzi mpya alikubali bila ubishi. Aliniuliza kwa nini haikufanywa mapema, nikampa kurasa hizi kabla hazijaenda kwa mhariri. Amezisoma. Hajasema lolote bado.

Dada, kwa niaba ya wafanyakazi wote tunakushukuru kwa miaka thelathini na moja, kwa benchi, kwa kila mtu uliyemsomea masharti ambayo sisi tuliyachapisha tukitumaini hatayasoma, na kwa simu zaidi ya mia tatu ulizopiga kwa vocha yako. Kuna watu katika mji huu wanaopika chai asubuhi hii na hawajui kwamba ni wewe uliyewapa asubuhi hii. Tunakutakia afya, usingizi wa kutosha, wajukuu wasumbufu kiasi, na majirani wema. Nenda salama.

Nami, msamaha siuombi hapa. Kuuombea jaridani ni kuutaka kwa nguvu mbele za watu. Nitakuja nyumbani kwako, siku isiyo ya sherehe, mikono mitupu, nibishe hodi. Usiponifungulia, nitaelewa.